Nabii Aliyeumwa Tumbo

Nchi yenyewe iko huko huko iliko, na atakayeitafuta kwenye ramani ajue kwamba ramani zake zote zilichomwa moto kwenye mkutano wa injili, baada ya kugundulika kuwa nyumba ya Nabii ilichorwa kwa nukta ndogo kuliko ile ya bandari. Inaitwa Jamhuri ya Utukufu, na wananchi wake ni Watukufu. Ina rais, ina bunge, ina jeshi na kikosi cha zimamoto, kama nchi yoyote inayojiheshimu, ila rais wake ni mtu mpole sana ambaye watu husahau jina lake, na kila Jumapili huonekana kwenye televisheni akiwa ameshika mwavuli juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Mtu huyo mwingine ndiye Baba Mng'ao, Nabii Mkuu, Simba Asiyesinzia, Mlango wa Mbingu Upande wa Mashariki. Sura yake ilikuwa kwenye vitenge, kwenye mifuko ya sembe, kwenye vioo vya nyuma vya magari, na kwenye vikombe vya shule za chekechea, ambako watoto walifundishwa kunywea upande wa pili wasije wakambusu Baba kabla ya kunawa. Yesu naye hakusahaulika. Picha yake ilikuwamo katika kila kanisa, chini kidogo ya picha ya Baba, karibu na swichi ya taa.

Mke wa Nabii aliitwa Damari, na ndiye mtu pekee katika Jamhuri nzima aliyemwita mumewe kwa jina alilopewa na mama yake, yaani Festo. Alimwita hivyo chumbani tu, tena kwa sauti ya chini. Alijua kwamba Festo anakoroma, kwamba anaogopa mende, na kwamba usingizini huweka mkono chini ya shavu kama mtoto. Mambo hayo hakumwambia mtu. Alimpenda mumewe, na alipenda pia kukaa kiti cha mbele.

Sasa, desturi kubwa ya nchi hiyo ilikuwa kupokea. Ilianzia kanisani, kama zinavyoanza desturi nyingi njema. Nabii akisema, "Pokea nyumba!" watu hujibu, "Napokeaaa!" Bunge likaona ni utovu wa adabu kwa mwananchi kuchagua maneno ya kupokea na ya kuacha, kana kwamba yuko gengeni anachambua nyanya, likapitisha sheria: lolote litokalo kinywani mwa Nabii lipokelewe papo hapo, kwa sauti, mikono juu, bila kuuliza maana yake. Ndiyo sababu siku moja uwanjani, Baba alipobanwa akamnong'oneza mhudumu, "Choo kiko wapi?" akisahau kwamba kipaza sauti kimebanwa kwenye kola yake, uwanja mzima ulinyanyua mikono ukapokea. Hakuna aliyemwonyesha choo. Wiki iliyofuata wachungaji wa mikoa yote walihubiri juu ya fumbo hilo, na suruali ya siku ile ikawekwa kwenye kabati la kioo pale bungeni.

Hospitali kuu ilikuwa imekwisha kufungwa. Haikufungwa kwa chuki. Nabii alitangaza kwamba ugonjwa umepigwa marufuku, na serikali ikaona haina sababu ya kuendelea kuwasha umeme kwenye jengo lisilo na kazi. Likageuzwa Makumbusho ya Taifa ya Kutokuamini. Wanafunzi walipelekwa kutazama vitanda, mabomba ya sindano na mitungi ya oksijeni, na madaktari waliobaki waliajiriwa kuwatembeza na kuwaeleza jinsi babu zao walivyodanganywa. Siku ya uzinduzi Baba Mng'ao alikata utepe kwa mkasi wa chumba cha upasuaji. Aliyemshikia sinia la mkasi alikuwa Damari, amevaa kofia pana ya zambarau iliyosifiwa hata na magazeti ya nje.

Waliokaidi wakaendelea kuumwa walishtakiwa kwa kosa la kuaibisha upako. Palikuwa na mwanamke mmoja, Salafina, muuza vitumbua, ambaye mtoto wake alitangazwa mzima mbele ya umati Jumapili, na kwa ukosefu wa heshima akafariki katikati ya juma. Salafina alipandishwa madhabahuni kuomba radhi kwa niaba ya marehemu. Aliomba vizuri, kwa sauti ya kusikika. Damari alimfuta machozi kwa leso yenye jina la Nabii, akageuza uso kidogo upande wa kamera, na siku ile alilala usingizi mnono. Tunalisema hili mapema ili msije mkamhurumia kupita kiasi.

*

Tumbo lilimshika Nabii asubuhi, akiwa mezani mbele ya maini ya kukaanga na chapati.

"Damari," alisema, "tumbo."

"Umekula mbiombio, ndiyo maana."

"Hata sijala."

Damari akatazama sahani, akaona maini yako vile vile. Maumivu yalianzia kitovuni, na ilipofika adhuhuri yalikuwa yamehamia kulia, chini, mahali pale pale alipopashika dada yake Damari kabla ya kupasuliwa kidole tumbo, enzi zile nchi haijaokoka. Festo alikuwa akitokwa jasho jembamba. Alitapika kwenye bakuli, na bakuli lile likachukuliwa kwa mikono miwili na Sospeta, likafunikwa kitambaa cheupe, wala halikurudi tena jikoni.

Sospeta alikuwa Mbeba Silaha Mkuu. Silaha zenyewe zilikuwa Biblia ya Nabii, chupa ya maji, leso na chaja ya simu, na kwa ajili ya hizo alikuwa na cheo cha brigedia.

"Sospeta, mwanangu," Damari alimwambia, "toa gari. Baba anaumwa."

Sospeta akaruka kana kwamba amekanyaga kaa la moto. "Mama! Neno gani hilo?"

"Anaumwa. Mwangalie."

"Mama yangu, nakuomba, kuta zina masikio. Baba haumwi. Baba hawezi kuumwa, ni kinyume cha katiba."

"Nimekwambia mwangalie!"

Akamwangalia. Nabii alikuwa amejikunja kwenye zulia, magoti yamegusa kidevu, anaguna na kukwaruza sakafu kwa kucha. Sospeta akashika mdomo. Macho yakamjaa machozi, na yalikuwa machozi ya furaha.

"Mama, hivi huoni? Mke wangu alikuwa hivi hivi, alijikunja hivi hivi, kwa mtoto wetu wa kwanza." Akapiga magoti. "Baba anajifungua."

Haikupita muda Waziri wa Upako na Barabara, Mheshimiwa Kornelio, akawa ameingia kwa kunyata, amevua viatu. Alimtazama Nabii, akamtazama Sospeta, akaenda kusimama mbele ya kamera iliyokuwa ikimsubiri bustanini.

"Ndugu Watukufu," alisema, "nchi nyingine zina madini. Nyingine zina gesi. Sisi tunaye Baba, na Baba amekuwa akibeba mimba yetu sote bila kulalamika. Leo hii, ninaposimama hapa, Baba ameshikwa. Anatuzalia ule Msimu Mpya aliotutabiria! Naagiza shule zifungwe, magereza yapige makofi, na kila mwanamke aliyewahi kuzaa afike getini na ushauri wake."

Wakafika. Walikuja na mtori, na uji wa pilipili manga, na kanga za kumfunga tumbo Baba akishajifungua. Wanaume walikaa kando ya barabara wakibishana Msimu Mpya uitwe nani. Kwaya tatu zilijipanga ukutani, na kila Baba alipopiga ukelele ndani, zilipandisha sauti ili kumtia nguvu.

Festo akatambaa hadi dirishani, akashika nondo, akapaza sauti: "Nileteeni daktari!"

"Napokeaaa!" ukaitikia umati, na wengine wakazimia kwa raha.

Tusiseme serikali ilipuuza. Kabla jua halijazama, Chuo cha Theolojia kilikuwa kimetuma Madaktari wote wa Heshima, kila mmoja na joho lake na kofia ya kishada, wakajipanga ngazini kwa kufuata ukubwa wa makanisa yao. Wa kwanza akaweka kiganja juu ya tumbo la Nabii, akabonyeza kwa imani. Ukelele alioutoa Baba ulirekodiwa, na kufikia siku iliyofuata ulikuwa mlio wa simu wa nusu ya nchi.

Walipoondoka, Festo alimshika mkewe mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto.

"Damari, mimi nitakufa?"

"Ukibaki humu, ndiyo."

"Basi nitoe," alisema. "Nitoe, mke wangu. Sitaki kufa." Damari akalia, na safari hii hakugeuza uso upande wowote.

*

Asubuhi Damari alivua pete, akavaa kanga za msichana wa kazi, akaenda makumbusho. Alimkuta Daktari Evodia, ambaye zamani alikuwa bingwa wa upasuaji, amevaa fulana ya waongoza wageni, akiwaeleza wanafunzi habari za kitanda cha upasuaji.

"Hapa," Evodia alikuwa akisema kwa sauti isiyo na chumvi, "mtu alilazwa chali akakatwa na watu wasioamini. Wengi walipona kwa bahati mbaya. Twendeni mbele, msiguse."

"Daktari," Damari alimwita.

Evodia akageuka, akamtambua chini ya kanga. "Mama Nabii. Shikamoo. Tiketi zinakatwa dirisha lile."

"Mume wangu anakufa."

"Mimi nasikia anajifungua."

"Ni kidole tumbo, Daktari. Najua ni kidole tumbo. Nisaidie."

"Hapa hakuna daktari, mama. Kuna mwongoza wageni." Evodia akamsogeza kando, mbali na watoto. "Unajua umesimama wapi? Hapo ulipoweka mguu ndipo mumeo alipokatia utepe."

"Najua. Nilishika sinia."

"Nakumbuka. Kofia ilikuwa nzuri sana."

Damari akapiga magoti kwenye sakafu ile, akamshika miguu. Evodia alimwacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu naye ni binadamu, na kisha akasema, "Inuka. Watoto watafikiri ni sehemu ya maonyesho." Akachomoa funguo mfukoni, akafungua kabati la kioo, akaanza kutoa visu vyake mwenyewe vilivyobandikwa karatasi za maelezo.

Aliingia nyumbani kwa Nabii kama walivyoingia wanawake wengine wote, na sufuria ya mtori kichwani. Walinzi waliibariki sufuria ile, wakaipigia saluti. Chumbani alimlaza Festo chali, akabonyeza taratibu upande wa kulia, kisha akaachia mkono ghafla. Festo akauma mto.

"Hakijapasuka," Evodia alisema. "Ila hakina subira. Sikilizeni nyote wawili. Chumba cha upasuaji kinafanya kazi, taa zake huwashwa kwa ajili ya watalii. Tukienda sasa hivi, atapona, na kabla ya mwezi kuisha atakuwa amesimama anawadanganya watu kama kawaida. Kikipasuka tukiwa bado humu, mimi sina cha kufanya."

"Twende," akasema Festo.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nyuma ya jiko palisimama gari la dobi, na dereva wake alikuwa mpwa wa Evodia. Walimvika Festo kanzu ya mpishi, wakamshika huku na huku, wakatoka naye taratibu kwenye korido. Hapo mwisho korido iligawanyika. Kushoto ni jikoni. Kulia ni roshani, ile roshani kubwa inayotazama uwanja, na mlango wake ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa.

Kwa kupitia mlango ule iliingia sauti ya watu. Walikuwa wengi hata haikuwezekana kusikia mmoja mmoja. Walikuwa wakiimba jina lake, polepole, wakilirudia rudia, na kioo cha dirisha kikitetemeka kidogo kila walipofika mwisho.

Festo akasimama.

"Huku," Damari alimwambia. "Festo, mlango ni huku."

"Nasikia."

"Basi twende."

"Ngoja. Damari, hebu fikiri kidogo. Nikitoroka, kesho itakuwaje? Watasema nimenyakuliwa. Lakini nikitoka nikawaambia mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, kwamba naumwa, kwamba nakwenda hospitali, si watafungua hospitali zote? Wananisikiliza mimi. Nikisema, basi."

Evodia akasema kwamba hotuba zisubiri. Lakini Damari aliona lile alilosema mumewe ni jema, tena la haki, na akakumbuka sinia, na akataka sana liwe kweli. "Maneno mawili tu," alimwambia. "Useme, ugeuke, turudi."

"Maneno mawili," akasema Festo. "Nipe lile koti jeupe la kuhubiria, lenye kipaza sauti kwenye kola."

*

Alipotokea roshani, uwanja ulilipuka. Vitenge vyenye sura yake vilipaa hewani. Akina mama waliwanyanyua watoto wachanga wamwone. Wadakaji walikuwa tayari mahali pao. Hawa ni vijana wenye misuli na glavu nyeupe ambao kazi yao ni kuwadaka waumini wanaoangushwa na upako wasipasue vichwa, na kuna chuo cha serikali kinachowafundisha.

Nabii alishika ukingo wa roshani kwa mikono miwili. Kisha akaachia mkono mmoja, akauinua. Kelele ikakatika.

Damari, aliyesimama nyuma yake, akaona mgongo wa mumewe ukinyooka. Rangi ikamrudia shingoni. Mtu aliyeshindwa kwenda msalani peke yake alikuwa amesimama wima, kidevu juu, na pumzi inaingia na kutoka bila shida. Kwa dakika ile hakuwa anaumwa popote.

"Wapendwa," alisema Nabii.

"Napokeaaa!"

"Mmesikia kwamba Baba yenu yuko kwenye maumivu..."

"Napokeaaa!"

Damari akamvuta koti. "Sema, Festo. Sema twende."

Nabii akatabasamu. Sauti yake ikashuka, ikawa ile nzito, ya asali, ile ya mikutano mikubwa. "Na mimi nawaambia, maumivu haya ni yenu! Nimeyabeba ili ninyi msiyabebe! Ninaona Msimu! Ninaona kichwa cha Msimu kinatokeza!"

Hapo hapakuwa tena na wa kumzuia. Alihubiri. Alitembea huku na kule, alicheka, alilia, alifuta jasho akairusha leso, na mahali ilipoangukia watu walivunjana vidole. Alihubiri vizuri kuliko siku zote, wanaojua wanakiri hivyo hadi leo. Evodia alikuwa ameketi sakafuni kwenye korido, sufuria ya mtori magotini, anatazama saa yake, na baadaye akaacha kuitazama.

Nabii alikuwa katikati ya sentensi alipokatika. Alishika ubavu wa kulia, akafungua mdomo, na uso wake ukageuka wa mtu mwingine kabisa, mtu mdogo, aliyeshtuka.

"Kimepasuka," alisema.

"Napokeaaa!"

"Hapana. Jamani, hapana. Naumwa. Naumwa kweli. Nipelekeni hospitali!"

"Napokeaaa!"

"Msipokee! Nyamazeni! Mimi ni mtu tu, mimi ni Festo, nakufa!"

Kwa kweli Watukufu hawakuwahi kupokea namna ile tangu nchi ianze. Waliruka. Walirarua mashati. Wanaume wazima wakaanza kushika ubavu wa kulia na kupiga mayowe, kila mmoja akitaka yake yasikike kuliko ya jirani, na mamia wakaamua papo hapo kujiita Festo. Nabii aliyumba. Wadakaji wanne waliokuwa roshani wakakunjua mikono kwa mazoea, kisha wakakumbuka fundisho la kwanza la chuo, kwamba mpakwa mafuta haguswi, wakaikunja na kurudi hatua moja nyuma, kwa nidhamu.

Nabii akaanguka kwa kichwa kwenye marumaru. Uwanja mzima, kwa kumheshimu, nao ukaanguka.

Damari alijitupa kumfikia, lakini Sospeta na wahudumu, waliokuwa wamekimbilia roshani waliposikia sauti ya Baba, walimshika mikono. "Mama, tafadhali," Sospeta alimbembeleza, analia kwa furaha, "usiingilie uzazi." Festo alichukua muda kufa. Alikuwa akimtazama mkewe, midomo inacheza, na kipaza sauti kilikuwa bado kwenye kola yake, kwa hiyo hata pumzi zake za mwisho zilipokelewa moja moja.

*

Tamko la serikali lilisomwa na Mheshimiwa Kornelio. "Baba Mng'ao amejifungua salama. Msimu Mpya ni mzima na unafanana naye. Baba amechoka, kama mzazi yeyote, na ataingia ndani arobaini yake. Tunaomba utulivu, na mtori uendelee kuletwa."

Wakamwingiza ndani. Wakunga walioteuliwa na wizara walimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Walimfunga tumbo kwa kanga. Walimlisha mtori kwa kijiko, na ulipomwagika shavuni walimfuta wakamwambia ajitahidi, maziwa hayaji kwa kususa. Hali ya hewa ilikuwa ya joto. Siku zilipopita nyumba ikaanza kunuka, kisha barabara, na wizara ikatoa mwongozo kwamba hiyo ni harufu ya upako mpya, wananchi wavute pumzi kwa shukrani. Walivuta. Waliotapika walichukuliwa majina.

Damari alimwendea Sospeta, akamwendea Waziri, akawasihi wampe mumewe amzike. Hakutaka kitu kingine tena duniani. "Mama," Waziri alimjibu kwa upole, "mzazi hazikwi." Alipoingia chumbani akawakuta wakunga wakimkanda Festo ubavu wa kulia, na nyama ikiwafuata mikononi, alitoka akaenda moja kwa moja kwa Evodia.

"Nataka alale ardhini," alisema. "Basi."

Evodia hakumpenda mwanamke huyu, wala hakumpenda mumewe, lakini alikuwa na msimamo kuhusu maiti. "Walinzi wako mlangoni mchana na usiku," alisema. "Watatoka pale kwa ajili ya kitu gani?"

"Kwa ajili ya mtu kusimama roshani."

Wakapatana. Damari angetoka kusema na watu, walinzi na wakunga wangekimbilia uwanjani kama kila mtu, na Evodia angemtoa marehemu kwa mlango wa jikoni, kwenye gari lile lile la dobi. Kaburi lingechimbwa nyuma ya makumbusho. Salafina muuza vitumbua aliposikia kuna kaburi la kuchimba na ni la nani, alijitolea mwenyewe na akaja na jembe lake.

Sospeta hakuleta kipingamizi. Umati ulikuwa umeanza kuchoka kutazama roshani tupu, na yeye alikuwa akiogopa. Alimletea Damari kofia ya zambarau. Damari akaivaa, kwa sababu jua lilikuwa kali.

Alipotoka, kelele zilimpiga kifuani. Hakuwahi kusimama mbele. Siku zote alikuwa nyuma, hatua mbili kushoto. Alishika ukingo kwa mikono miwili. Alikuwa amekusudia kusema maneno machache ya kweli, ayaseme taratibu ili Evodia apate nafasi, kisha ashuke akamzike mume wake. Aliinua mkono mmoja kuomba wanyamaze, nao wakanyamaza wote, mpaka mtoto wa mwisho.

"Festo amekufa," alisema.

"Napokeaaa!"

"Alikuwa mtu. Nililala naye kitanda kimoja. Alikoroma. Aliogopa mende. Ninyi mmemuua, na mimi nimemuua, na yeye mwenyewe alisaidia."

"Napokeaaa!"

Kulikuwa na mzee mmoja hapo chini, mbele kabisa, amenyoosha mikono, uso umelowa machozi, anamtazama Damari kama mtu aliyeona maji baada ya kiu ndefu. Pembeni yake mwanamke alikuwa amevua kitenge chenye sura ya Nabii, amekigeuza ndani nje, anakitikisa. Mahali fulani katikati wakaanza: "Mama! Mama Mng'ao!" Likachukuliwa na upande wa pili, likarudi, likajaa uwanja wote.

Damari alikuwa na la kuongeza. Alikuwa na mengi dhidi yao, makali, aliyoyaandaa kwa siku nyingi, na aliyasema yote. Aliwaita wapumbavu. Aliwaita walaji wa watu. Kila alilosema liliinuliwa likarudishwa kwake kubwa zaidi, na kwa kadiri alivyosema aliona mgongo wake ukinyooka, na jua likiwa zuri usoni. Hakuwa na majonzi popote. Akanyamaza kidogo, makusudi, ili asikie watakavyofanya. Walilia. Akasogea mbele.

Evodia alipanda ngazi za nyuma, udongo mpaka kwenye viwiko, akasimama kwenye kivuli cha mlango.

"Dada Damari," aliita kwa sauti ya chini. "Tumeshamlaza. Salafina amekaa kando ya kaburi, anakusubiri wewe utie udongo wa kwanza. Njoo haraka, kabla walinzi hawajarudi."

Damari hakugeuka. Mkono wake ulikuwa juu, na uwanja wote ulikuwa umeshika pumzi chini ya mkono ule, ukingoja ushuke.

"Fukieni tu," alisema.